Umri wa Mafuta ya Injini: Mhadhara kwa Wenye Magari wa Kampemba

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi ndugu mafundi mlioziacha garaji zenu za Bel-Air, za Bongonga na za Kartie Industriel ili mje kuketi nasi alasiri hii: madhumuni ya mhadhara huu ni maswali mawili ambayo kila mwenye gari jipya, au gari lililo jipya kwake, huyauliza siku ya kwanza ya kufungua boneti, nayo ni haya: nitie mafuta gani katika injini, na niyamwage lini. Pengine yuko atakayestaajabu kwamba tumekusanyika kwa jambo dogo kama hili. Walakini katika mji huu wetu wa Lubumbashi, ambao riziki ya nyumba nyingi hutoka katika usukani wa teksi, wa Hiace ya abiria, au wa pikapu iendayo mgodini, injini iliyokufa kabla ya wakati wake ni msiba wa jamaa nzima, na aghalabu msiba huo huwa umeanza katika bidoni ambayo aliyeinunua hakuyasoma maandishi yake.

Rai yangu naitoa mapema, ili msikilizaji aipime kadiri tunavyokwenda. Majibu ya maswali yote mawili yamekwisha andikwa na waliolitengeneza gari, ila sisi, ama kwa kutoujua ukurasa wenyewe, ama kwa kurithi mazoea ya magari ya baba zetu, tunayasoma mahali pasipotuhusu. Kitabu cha gari kina ratiba mbili za kumwaga mafuta, moja ya mwendo wa kawaida na moja ya mwendo wa taabu. Na gari la Kampemba, hata mwenyewe akiwa mwangalifu kuliko watu wote, limo katika ratiba ya pili tangu siku lilipovuka mpaka wa Kasumbalesa.

Mtu akiulizwa mafuta ya injini hufanya nini, hujibu kwamba hulainisha. Hajakosea, ila amelitaja jambo moja katika mengi. Mafuta hutenga chuma na chuma kwa utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Hulichukua joto lililo chini ya pistoni, mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Huyaosha masizi na kuyabeba yakielea yasipate kuganda. Huziba upenyo ulio baina ya pete za pistoni na silinda. Na huiua asidi inayozaliwa na moto wa esanse au wa mazutu, kwa dawa zilizochanganywa humo kiwandani. Dawa hizo ndizo zinazoliwa siku kwa siku, na zikiisha, mafuta yanaweza kuwa yangali mengi katika karteri, yakateleza vidoleni kama kawaida, ilhali ulinzi wake umekwisha kuondoka.

Katika injini walizozijua wazee wetu, za Bedford na za Peugeot 404, mafuta yalikuwa na kazi hizo tu, na nafasi baina ya vyuma zilikuwa pana kiasi cha kusamehe makosa mengi. Injini za sasa zimeyapa mafuta kazi ya kuendesha. Chukueni mfumo ambao Toyota huuita VVT-i, uliomo hata katika Ist na Vitz za teksi zetu: shinikizo la mafuta ndilo linalozungusha gurudumu linalobadili wakati wa kufunguka kwa valvu, na njia yapitiamo mafuta hayo ni nyembamba mno, nayo ina kichujio kidogo cha wavu ambacho tope la mafuta makongwe hukiziba kabisa. Cheni ya injini, iliyochukua nafasi ya mkanda wa mpira, katika magari mengi hukazwa kwa shinikizo hilohilo. Turbo nayo, ambayo katika injini ndogo huweza kupita mizunguko 200,000 kwa dakika moja, aghalabu huelea juu ya utando wa mafuta, wala haina kitu kingine cha kuishikilia. Kwa hiyo fundi asemaye kwamba mafuta ni mafuta, mradi yawe mapya, anasema neno lililokuwa na haki yake zamani, na ambalo leo humgharimu mwenye gari injini nzima.

Sasa nije katika tarakimu zilizoandikwa juu ya bidoni. Mwaka 1911, mwaka uleule tanuri la Lubumbashi lilipomimina shaba yake ya kwanza, wahandisi wa magari wa Marekani, katika jumuiya yao ijulikanayo kwa herufi SAE, walitoa kipimo chao cha kwanza cha uzito wa mafuta ya injini, na tarakimu tunazozisoma leo zimetokana na kipimo kile. Bidoni ikiandikwa 5W-30, tarakimu iliyofuatwa na W inaeleza tabia ya mafuta katika baridi: mafuta ya 5W huiachia injini izunguke hata nyuzi 30 chini ya sifuri, baridi ambayo Katanga haijapata kuiona. Tarakimu ya pili hupimwa katika nyuzi 100 za joto, ambalo ndilo joto la mafuta injini ikiwa kazini. Na hapo mafuta ya 30 huwa na uzito wa baina ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha sentistoksi, ya 40 baina ya 12.5 na 16.3, na ya 50 baina ya 16.3 na 21.9. Angalieni kwamba mafuta ya 50 yanakaribia kuwa mazito maradufu ya yale ya 30. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa katika tundu lililopimwa kwa sehemu chache za mia za milimita.

Hapa ndipo panapoingia hoja isikikayo katika kila garaji, kwamba nchi yetu ni ya joto na kwa hiyo tutie mafuta mazito, 20W-50 au yale ya tarakimu moja, 40, yauzwayo kwa kupimwa kutoka katika pipa. Hoja hii nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, nami naijibu kwa heshima. Kwanza, Lubumbashi si mji wa joto kama tunavyodhani: tuko katika kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimo huteremka chini ya nyuzi 10, kama wanavyojua madereva wote wa alfajiri. Pili, na hili ndilo kubwa, injini haiishi katika joto la barabarani bali katika joto lake yenyewe: tamostati huyashika maji yake karibu na nyuzi 90, na mafuta huyafuata, iwe Oktoba ya Lubumbashi au Januari ya Ulaya. Tofauti ya nje humalizwa na rejeta na feni. Atiaye mafuta mazito kwa kuogopa jua la Oktoba huyapeleka mazito vilevile katika alfajiri ya Julai, wakati injini ni baridi, wakati pampu inayavuta kwa taabu, na wakati sehemu kubwa ya uchakavu hutokea. Na mafuta hayo yakiwa mazito kupita kiasi hulazimisha kilango cha usalama kilichomo katika filta kufunguka, yakaenda kwenye beringi bila kuchujwa. Hivyo yule aliyedhani ameilinda injini huwa ameinyima mafuta wakati yalipohitajika zaidi.

Sisemi kwamba mafuta mazito ni haramu kwa kila gari. Vitabu vya magari yaliyoundwa kwa nchi za nje aghalabu huwa na mchoro wa vipimo kadhaa vinavyoruhusiwa, kila kimoja na joto lake la hewa, na mwenye injini kongwe inayokunywa mafuta anaweza, kwa insafu kabisa, kuchagua kilicho kizito zaidi ndani ya mchoro huo. Vitabu vya Japani navyo mara nyingi huanza na 0W-20 na kuruhusu 5W-30, na kwa gari la esanse lililokwisha tembea hapa kwetu mimi naipendelea 5W-30, maadamu kitabu kimeiruhusu, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi na huacha utando mnene kidogo kwa injini ibebayo abiria na mizigo. Lakini kuruka kutoka 0W-20 hadi 20W-50 ni kutoka nje ya mchoro wote.

Herufi zilizo chini ya tarakimu hizo zina uzito uleule, na bahati mbaya ndizo zisizosomwa kamwe. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, hutumia S kwa injini za esanse na C kwa injini za mazutu, kisha hufuatisha herufi ya pili inayopanda kadiri kanuni zinavyoendelea: SN ilitoka 2010, SP ilitoka 2020, nayo iliongeza ulinzi wa cheni na wa injini ndogo zenye turbo. Kwa esanse, herufi iliyo mbele hufaa mahali pa iliyo nyuma, lakini si kinyume chake. Bado mtu ataona sokoni bidoni nzuri, yenye rangi za kupendeza na picha ya gari la mashindano, imeandikwa SF. Hiyo ni daraja ya injini zilizotengenezwa mpaka 1988, na kuitia katika gari la 2015 ni kulirudisha gari hilo miaka mingi nyuma ya mahitaji yake. Kwa mazutu, tazameni CI-4 au CK-4 kwa kadiri ya kitabu. Na ikiwa gari lina chujio la masizi katika bomba la moshi, kama yalivyo magari mengi mapya ya mazutu kutoka Japani na Ulaya, sharti yawe mafuta ya majivu machache, yaliyoandikwa DL-1 kwa magari madogo ya Kijapani, au C2 au C3 kwa yale ya Ulaya, kwa sababu majivu ya mafuta ya kawaida hulijaza chujio hilo na hakuna moto wa kuyachoma yakaondoka.

Hayo yatosha kwa uchaguzi. Wakati wa kumwaga ndio unaonishughulisha zaidi, kwa sababu mtu anaweza kununua mafuta bora kuliko yote yaliyomo mjini na akayaua kwa kuyaacha.

Magari mengi ya hapa Kampemba yalianza maisha yake Japani, yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, yakapanda kwa barabara kupitia Tunduma na Zambia mpaka mpakani petu. Anunuaye gari la namna hiyo na aufungue mlango wa dereva, atazame ubavuni mwa nguzo ya mlango, au chini ya boneti karibu na rejeta: mara nyingi atakuta karatasi ndogo ya gundi iliyobandikwa na garaji ya huko, yenye maandishi ya Kijapani asiyoweza kuyasoma na tarakimu anazoweza kuzisoma. Tarakimu za kwanza ni tarehe, na huenda zikahesabiwa kwa miaka ya enzi ya mfalme wao: ukiona 30.4.12, hiyo ni tarehe 12 Aprili ya mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei, yaani 2018, kwa kuwa enzi ile ilianza 1989. Tarakimu ndefu zinazofuata ni kilomita, ama za siku mafuta yalipomwagwa, ama za siku yatakapostahili kumwagwa tena. Karatasi hiyo ni shahidi mwenye thamani kuliko maneno ya dalali. Ikiwa kilomita zake za siku mafuta yalipomwagwa ni nyingi kuliko zile zinazoonyeshwa na dashibodi, mnunuzi amekwisha pata ithibati kwamba dashibodi imerudishwa nyuma, wala hana haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Lakini karatasi hiyo ina hatari yake, maana mtu huisoma akaona kwamba mwenye gari wa kwanza alikuwa akimwaga mafuta kila kilomita 10,000, naye akaazimia kufanya vivyo hivyo. Tukisome basi kitabu chenyewe. Kitabu cha Toyota kwa magari ya Japani kinaagiza kwamba injini ya esanse isiyo na turbo imwagwe mafuta kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Na kwa mwendo wa taabu, kila kilomita 7,500 au miezi 6. Injini ya esanse yenye turbo ni kilomita 5,000 au miezi 6, na katika taabu kilomita 2,500 au miezi 3. Kule Marekani kampuni hiyohiyo huruhusu maili 10,000 au miezi 12 kwa magari yatumiayo 0W-20, ambazo ni kama kilomita 16,000, kisha huikata ratiba hiyo nusu kwa wapitao katika vumbi, wavutao mizigo, au waachao injini ikiwaka bila kwenda. Volkswagen huko Ulaya wana ratiba inayoweza kufika kilomita 30,000 au miaka 2, kwa mafuta yao maalumu, katika barabara zao na kwa esanse na mazutu yao.

Na taabu yenyewe ni nini? Wajapani wameieleza wazi: ni barabara mbovu, zenye vumbi au changarawe, ni milima, ni safari fupi za kilomita 8 au pungufu zinazorudiwarudiwa, ni mwendo wa polepole na kusimama injini ikiwaka, ni kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka, na yatosha hali moja ya barabara au ya mwendo kuwa thuluthi hivi ya matembezi ya gari. Nawaomba hadhirina mjiulize kila mmoja kwa gari lake. Mzazi apelekaye watoto shuleni asubuhi, akarudi Bel-Air, akaenda mjini, akarudi tena, hiyo ni safari fupi. Dereva wa teksi asimamaye kwenye kila kona ni mwendo wa polepole, na kilomita zake za mwaka hupita hesabu iliyowekwa. Aendaye kwenye mashimo ya madini kwa njia ya udongo mwekundu ni vumbi. Waliowaandikia Wajapani ukurasa ule wa taabu waliwafikiria watu wachache wenye bahati mbaya, nao bila kujua wakatueleza sisi sote.

Yafaa tuzifahamu sababu, maana amri bila sababu husahauliwa. Lita moja ya esanse ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, kwa namna ya mvuke, na sehemu ya mvuke huo hupenya pete za pistoni ikaingia katika karteri. Injini ikitembea saa nzima, mafuta hupata joto la kutosha kuukausha. Ikitembea dakika kumi ikazimwa, maji hubaki, na pamoja nayo esanse isiyoungua, na vitu hivyo viwili vikikutana na masizi hufanya lile tope jeusi ambalo mafundi hulikwangua kwa kijiko wafunguapo kifuniko cha valvu. Salfa iliyomo katika mazutu mabaya huongeza asidi, na asidi huzila dawa za mafuta kwa haraka. Yote haya hutokea bila gari kuongeza kilomita nyingi.

Ndiyo maana kilomita peke yake ni kipimo cha kudanganya. Teksi iendayo wastani wa kilomita 20 kwa saa katika msongamano wa mji huhitaji saa 250 za injini ili kutimiza kilomita 5,000. Ilhali gari liendalo Kolwezi na kurudi kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa hutimiza kilomita 10,000 kwa saa 125 tu. Yaani mafuta ya teksi, kwa nusu ya kilomita, yamefanya kazi maradufu ya saa. Ndugu zetu wafanyao kazi migodini hawatashangazwa na hesabu hii, kwa kuwa mashine zao hazina kilomita bali zina saa, na nyingi humwagwa mafuta kila saa 250 au 500 kwa kadiri ya mashine na ya mazutu zinayoyanywa. Na wenye malori wafikirie foleni ya Kasumbalesa, ambako gari husogea hatua chache, likazimwa, likawashwa, au likaachwa likiunguruma usiku kucha. Mafundi wengi huihesabu saa moja ya namna hiyo kuwa sawa na kilomita 40 hivi, ingawa dashibodi haikuongeza hata moja.

Kisha liko vumbi, nami nataka kukaa juu ya vumbi kitambo, kwa kuwa ndilo adui wetu hasa tangu Mei mpaka mvua zinapoanza. Udongo mwekundu wa Katanga una chembe za mchanga laini zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe hizo haziingii kwa njia ya mafuta bali kwa njia ya hewa: filta ya hewa ikiwa imechanika, au ikiwa imepulizwa kwa upepo wa kompresa mara nyingi mpaka karatasi yake ikalegea, au ikiwa haikukaa sawasawa katika kisanduku chake, vumbi hupita moja kwa moja kwenye silinda, likasaga pete, likateremka katika karteri, na kutoka hapo likazungushwa na pampu mpaka kwenye kila beringi. Filta ya mafuta haiwezi kuzuia chembe zilizo laini kabisa. Kwa hiyo mwenye gari asiyeitazama filta ya hewa, akanunua mafuta ghali kwa kutumaini kwamba yatamwokoa, hatumii fedha yake vizuri. Na afunguaye kisanduku hicho akapitisha kidole ndani ya bomba, upande wa injini, yaani baada ya filta, akakuta unga mwekundu, na ajue kwamba mafuta yaliyomo yamekwisha kuwa ya kusagia vyuma, hata kama yametiwa juzi. Na ayamwage siku hiyohiyo, baada ya kuiziba njia ya vumbi.

Kwa hoja hizi zote, hukumu yangu kwa gari la esanse lisilo na turbo, litembealo zaidi hapa mjini, ni kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, na filta ya mafuta ibadilishwe kila mara pamoja na mafuta. Gari la esanse lenye turbo lisifike kilomita 3,000 likiwa ni la mjini. Gari ambalo kazi yake ni barabara ya lami ya kwenda Likasi na Kolwezi laweza kufika 7,500 bila lawama. Ikiwa kitabu cha gari lako kinataja kilomita chache kuliko hizi katika ratiba yake ya taabu, basi kitabu ndicho hakimu, si mimi. Na ile taa ya dashibodi inayodai vidanji, yaani kumwaga mafuta, isitegemewe peke yake: nyingine huhesabu kilomita tu, nyingine hukadiria kwa joto na mizunguko ya injini, lakini mara chache mno utaona iliyo na jicho la kuliona vumbi. Gari lililotoka kiwandani halina haja ya sheria ya pekee. Wako watengenezaji wanaokataza kuyamwaga mapema mafuta ya kwanza, kwa kuwa yametiwa dawa za kuzizoesha pete, na wasiokataza hawapati hasara mtu akiyamwaga mapema.

Baina ya vidanji na vidanji, kuna kijiti cha kupimia, ambacho mafundi wetu hukiita joji. Kitolewe asubuhi, gari likiwa mahali pa tambarare na injini imelala; kipanguswe kwa kitambaa kisafi, kirudishwe mpaka mwisho, kitolewe tena, ndipo kisomwe. Katika magari mengi madogo, umbali baina ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Mafuta yakiwa chini ya alama ya chini, pampu itavuta hewa kwenye kona. Yakiwa juu ya alama ya juu, mhimili wa injini utayapiga mpaka yafanye povu, na povu halilindi beringi, kwa hiyo aongezaye nusu lita kwa ukarimu hafanyi hisani. Rangi nyeusi si ushahidi wa kitu, hasa kwa mazutu, ambapo mafuta huwa meusi baada ya mwendo mfupi kwa sababu yanatimiza kazi yake ya kubeba masizi. Ushahidi uko katika mambo mengine: rangi ya maziwa au ya kahawa ya maziwa ni maji, harufu kali ya esanse, au kimo kilichopanda bila mtu kuongeza, ni esanse iliyoingia, na chembe zinazokwaruza baina ya kidole gumba na cha shahada ni vumbi au chuma, nazo ni sababu ya kwenda garaji leo, si kesho.

Mintarafu ya ununuzi, nitasema machache. Mafuta ya bandia yapo katika masoko ya Afrika, na njia yake rahisi ni bidoni tupu ya jina kubwa iliyojazwa upya. Mnunuzi atazame pete ya kifuniko kama haijakatwa, namba ya toleo iliyochapwa juu ya plastiki yenyewe kama haijafutwa, na kama namba ya kifuniko au ya chini haigombani na ile ya ubavuni. Na mafuta yakiisha, aitoboe bidoni yake kabla ya kuitupa, maana bidoni nzima iliyotupwa Kampemba haikosi mnunuzi. Kisha asimame karibu fundi anapofungua mfuniko, aone mafuta yake yakiingia katika injini yake, nalo si jambo la kumvunjia fundi heshima. Fundi mwema hulipenda, kwa kuwa humwondolea shaka. Siku ya kazi hiyo, kilomita na tarehe ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya kipande cha gundi, pamoja na tarakimu na herufi za mafuta yaliyotiwa, kibandikwe mahali palepale ambapo Wajapani walikibandika chao.

Limebaki jambo la mafuta yaliyotoka. Katika garaji nyingi humwagwa mferejini, na kutoka hapo mvua ya Novemba huyachukua mpaka kwenye vijito viendavyo katika mto Kafubu, ambako wako watu wafuao nguo na wanyweshao mboga zao. Mafuta hayo yamebeba metali za injini na sumu za moto, na yakikaa juu ya ngozi siku baada ya siku huweza kuleta saratani. Kwa hiyo fundi kijana ayaoshaye mapipa kwa mikono mitupu anastahili kupewa glavu na sabuni na mwenye garaji, kabla hajapewa spana. Yakusanywe katika pipa lenye mfuniko, yasichanganywe na maji wala esanse wala maji ya breki, kwa kuwa mafuta yaliyochanganywa hayakubaliki kwa kazi yoyote ya baadaye. Na pipa hilo liandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni mafuta machafu, kwa lugha zote zisomwazo katika garaji hiyo, asije mgeni akayachota usiku na kuyarudisha katika injini ya mtu.